Kutwa Mara Mbili

Ukitoka sokoni ukakata kona penye kinyozi, utaliona duka lenye ukuta wa kijani, na juu ya mlango wake maandishi meupe: DUKA LA ADAWA. Wageni hudhani Adawa ni jina la mwenye duka. Wenyeji wameyazoea, hawayaoni tena. Mimi huyaona kila nikienda kununua uzi, kwa sababu M iliyokuwa mwanzoni mwa neno hilo ilizibwa kwa rangi na mume wangu, naye alikuwa ananyoosha mkono kuifikia ile A ya kwanza ngazi ilipoteleza.

Hakuna aliyemtuma. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Duka si letu, na maandishi yale hakuyaandika yeye. Yaliandikwa na fundi mmoja wa mtaa wa pili, ambaye mume wangu alimwita Mharibu Lugha, na kwa miaka alikuwa akipita chini ya lile DUKA LA MADAWA akisonya. "Dawa moja, dawa mbili, dawa elfu," alikuwa akisema. "Hiyo ma ni ya nini? Hebu niambie, mke wangu, ma ya nini?" Nami nilikuwa namjibu, "Ya kukuudhi wewe." Siku hiyo alikuwa anarudi kutoka kazini na ngazi begani, mkononi kopo la rangi iliyobaki, kijani kilekile cha ukuta ule. Mtu mwingine angepita zake. Yeye akaona Mungu amempangia. Akaegemeza ngazi, akapanda, akaizika M kwa mipigo michache ya brashi, na badala ya kushuka aisogeze ngazi kama fundi mwenye akili zake, akajinyoosha.

Walimwita Kamusi. Alikuwa mwandishi wa mabango, mwenye mkono mtulivu ambao ungeweza kupiga mstari mrefu bila rula, lakini jina hilo hakulipata kwa mkono, alilipata kwa mdomo. Ukisema "nyimbo moja" mbele yake, alikukatiza: "Wimbo mmoja." Ukimsalimia kwa haraka, alikujibu pole pole, neno zima, mpaka ukaona aibu. Watu walimkwepa njiani wakiwa na haraka. Wengine walimvizia kwa makusudi, wakamtupia neno bovu ili wamwone akiruka, naye hakuwahi kuwaangusha.

Hata sisi tulijuana kwa kosa langu. Nilikuwa nimefungua kazi yangu ya ushonaji kibarazani, nimetundika kipande cha boksi: NASHONA NGUO ZA WAKINA MAMA NA WATOTO. Kijana mmoja mwenye madoa ya rangi kwenye viatu akasimama mbele ya lile boksi, mikono nyuma, akasoma mara mbili.

"Dada," akasema, "ni akina. Si wakina."

"Kaka, umekuja kushonesha au kusomesha?"

Akacheka mpaka akainama. Kesho yake akarudi na ubao uliopakwa vizuri, akina mama kwa herufi za bluu zenye kivuli cha njano, akautundika mwenyewe kwa misumari yake mwenyewe. Nilipoutazama ule ubao nikajua nimekwisha.

Kuishi na mtu wa namna hiyo kunataka moyo. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo alikuwa na nafasi yote ya kunirekebisha mimi. Tuligombana juu ya chumvi, nami nikikosea neno katikati ya ugomvi, ugomvi ulihama kutoka kwenye chumvi ukaenda kwenye lile neno. Lakini nitakwambia jambo moja. Siku aliyofariki mama yangu, habari zilinifikia nikiwa kwenye cherehani, nikakimbilia chumbani alikokuwa amelala mume wangu, nikamwambia, "Mama ametuacha, masaa mawili yaliyopita." Masaa. Neno aliloweza kumfuata mtu barabarani kwa ajili yake: saa haina ma, saa ni saa. Akanikumbatia, na sikio langu lilikuwa kifuani kwake, nikasikia pumzi ikipanda, ikasimama, ikarudi chini. Alilimeza lile neno langu bovu likashuka lote. Ndipo nilipojua ananipenda.

Sasa, kule kuanguka. Mdogo wake, shemeji yangu mwenye pikapu, ndiye aliyemwokota na kumkimbiza hospitali. Walimfungua kichwa wakatoa damu iliyokuwa imeganda ndani. Nilipoingia kumwona alikuwa amefungwa bandeji nyingi mno hata nikatafuta uso. Wauguzi walikuwa wakimpa dawa kwa mshipa, asubuhi na jioni, kwa saa ileile bila kuchelewa, na daktari akanieleza kuwa ni za kumkinga asianze kukakamaa. Wiki moja ikapita. Siku iliyofuata dawa hiyo haikuletwa, nikamkabili daktari palepale kitandani.

"Daktari, mbona mmemkatia? Si afadhali aendelee nayo?"

Alikuwa mwanamume mrefu, msemaji wa chini chini, na hakuniona mjinga kwa kuuliza. "Ile ni ya kuzuia degedege za siku hizi za mwanzo, mama, kidonda kikiwa bado kibichi. Kuiendeleza hakutazuia itakayokuja baadaye. Kutamchosha tu."

"Na hiyo ya baadaye itakuja?"

"Huenda ikaja, huenda isije. Ikija ndipo tutaanza dawa. Na tukianza siku hiyo, hatufanyi mchezo nayo."

"Degedege ni ya watoto," ikasema sauti kutoka ndani ya bandeji.

Tukageuka wote wawili. Macho yake yalikuwa yamefumba. Tangu aanguke alikuwa akiguna tu, hata jina langu hajalitaja, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza. "Mtu mzima," akaendelea, kwa shida, "sema kifafa."

Daktari akacheka. "Mama, mzee wako huyo, kichwa kimepona."

Nililia kwa furaha. Jioni shemeji akaja na habari za ukuta, kwamba sasa umebaki ADAWA, na mume wangu akacheka mpaka muuguzi akaja kumnyamazisha, maana adawa ni neno kweli, alisema, neno la zamani, maana yake uadui. "Nimemwandikia mwenzangu duka la uadui," akasema. "Nikitoka hapa napanda kuifuta ile A. Ile A inanikera."

Hakupanda. Tuliporudi nyumbani daktari alimkataza ngazi kwa muda, naye akatii, akawa anaandika mabango madogo mezani. Mvua zikaja, zikakatika. Kisha asubuhi moja mbichi, kabla kijua hakijafika kibarazani, alikuwa amesimama anakoroga rangi, nikamwona anatazama ukuta ambao haukuwa na kitu. Nikamwita. Akaanguka na kopo. Mkono wa kulia ulianza, kisha mwili wote, na rangi ya bluu ikimrukia usoni, nami nikipiga kelele ambazo sikujua ninazo.

Kilikuwa kimekuja kile cha baadaye.

Daktari hakuzunguka. "Sasa ni kifafa kweli," akamwambia, "na chanzo chake ni lile kovu la kichwani. Sasa tunaanza dawa, na huziachi mpaka mimi niseme. Ukikaa mwaka mzima bila kuanguka, panda ngazi yako uende popote." Mume wangu akauliza kama mwaka unahesabiwa kuanzia leo. Akaambiwa kuanzia leo. Tukapanga mstari kwenye dirisha la dawa, mstari mrefu unaozunguka jengo, na ndani ya dirisha mkono wa mtu tusiyemwona uso ukatusukumia bahasha ndogo ya karatasi. "Kutwa mara mbili baada ya chakula. Anayefuata!"

Na ndivyo ilivyokuwa imeandikwa juu ya bahasha, kwa herufi za kupigwa mhuri. Kidonge kimoja. Kutwa mara mbili. Baada ya chakula.

Nyumbani aliinua ile bahasha kwenye mwanga wa dirisha akaisoma kwa raha. "Angalau hapa wameandika Kiswahili," akasema. "Kutwa. Unajua kutwa ni nini?"

"Ni siku."

"Siku!" Akanitazama kama niliyemwaga maziwa. "Siku ina kutwa na ina kucha. Mchana kutwa, usiku kucha. Kutwa ni toka jua lichomoze mpaka lizame. Wangetaka nimeze usiku wangeandika kucha. Sasa, kutwa tunakula mara ngapi?"

"Chai asubuhi, na chakula cha mchana. Cha usiku tunakula usiku."

"Basi. Kimoja baada ya chai, kimoja baada ya chakula cha mchana. Imenyooka kabisa. Huyu aliyeandika hapa amesoma."

Ilikuwa imenyooka kweli. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu huyo nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja miaka yote ile na sijawahi kumshinda kwa neno hata moja. Watu nikifika hapa hunyamaza, wananitazama, wanangoja niseme najilaumu. Wangoje hapo hapo. Sijilaumu, nina hasira, na hasira yangu nimeizungusha pande zote nikitafuta mtu wa kumtupia, na kila ninayemlenga naona alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Nimebaki nimeishika mwenyewe.

Basi ikawa hivyo. Alimeza baada ya chai, alimeza baada ya chakula cha mchana, hakukosa. Ngazi aliiingiza ndani akaitundika ukutani kwenye ukumbi, mahali anapoiona akitoka chumbani, na kila asubuhi aliigonga kwa vidole kama mtu anayembishia hodi jirani. "Bado kidogo," alikuwa anaiambia.

Lakini kifafa kilikuwa kimeshajua njia. Kilikuja alfajiri, jua likiwa bado, yeye amelala. Nilikuwa nasikia kwanza mdomo wake ukifanya sauti ya kunyonya, kisha mkono wa kulia unakaza, kisha kitanda chote. Nilijifunza kumgeuza ubavu, kumwekea kanga chini ya kichwa, kutomtia kitu mdomoni, kungoja. Kikipita alilala tena, akaamka jua limeshapanda, akiwa na ulimi alioung'ata, akauliza, "Nilianguka?" Nami sikuwahi kumdanganya. Alisema, "Haya. Mwaka unaanza upya." Akaenda akamezea chai kidonge chake.

Tulirudi kwa daktari. Akauliza, "Unameza dawa zako, mzee?" Nameza. "Hukosi?" Sikosi. "Hata mara moja?" Hata mara moja, na mimi pale nikitikisa kichwa kukubali. Maswali yote yalikuwa ya haki na majibu yote yalikuwa ya kweli. Daktari akatazama vipimo, akaongeza: sasa vidonge viwili viwili, kutwa mara mbili. Tukaenda nyumbani tumefurahi.

Mchana ukageuka ugonjwa mwingine. Vidonge vya asubuhi vilikuwa havijaisha mwilini, vya mchana vinakuja juu yake, na ikifika alasiri mume wangu alikuwa analewa bila kunywa. Alisinzia na brashi mkononi. Alitembea akishika ukuta. Herufi zake, zile ambazo watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kuzifuata, zikaanza kulegea magoti. Siku moja aliandika KARIBU kwa ajili ya mwenye hoteli, akarudi nyuma kuitazama, akasema, "Hii R imelewa. Mpelekeni nyumbani kwao." Tulicheka. Kisha akakaa chini, akaiangalia mikono yake. Mwenye hoteli aliichukua hivyo hivyo, kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi.

Alfajiri ikija, dawa yote imekwisha mwilini zamani, na kifafa kinaingia kama mwenye nyumba. Daktari akaongeza aina ya pili. Na hiyo nayo, bahasha mpya, mhuri uleule. Kutwa mara mbili.

Nilianza kumwona daktari akikunja uso. "Kuna vifafa vigumu," akaniambia pembeni, "ambavyo dawa haivitii." Nikaamini hilo pia. Shemeji akasema tujaribu hospitali nyingine. Mume wangu akakataa, akisema huyu daktari angalau anasema kifafa. Alikuwa bado na mizaha wakati huo. Mpaka jioni ya mwisho alikuwa nayo. Jioni hiyo nilimwambia majirani "wamekaa masaa mengi" kibarazani, akanyoosha kidole bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye sahani: "Saa. Saa nyingi." Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu la kunirekebisha, na sikulitunza, sikujua ni la kutunza. Nilimjibu ale chakula chake kisipoe.

Alfajiri ile hakikuacha.

Nilimgeuza, nikamwekea kanga, nikangoja. Kilikuwa kinapungua, nikaanza kumshukuru Mungu, kikarudi. Kikapungua, kikarudi. Nikamwita shemeji, akaja na pikapu, tukamlaza nyuma juu ya godoro, mimi nimemkumbatia kichwa kisigonge chuma, na barabarani kukapambazuka, nikaona kwa mwanga ule kwamba midomo yake imekuwa rangi ya kijivu. Hospitalini walimchoma sindano, wakamchoma nyingine, wakampeleka kwenye mashine. Siku kadhaa alilazwa usingizi wa dawa. Mimi na shemeji tulikaa kwenye benchi ya ukumbini tukipeana zamu ya kulia.

Daktari wetu alitoka akiwa amechoka, akakaa nasi palepale benchini. Alikuwa anajaribu kuelewa, masikini. Akauliza mambo ambayo alishayauliza, nami nikajibu nilivyozoea kujibu. Kisha akauliza jambo jipya, kwa sauti ya kupitisha tu.

"Cha jioni siku ile alimeza saa ngapi?"

"Cha jioni kipi?"

"Kile kidonge cha jioni, mama. Cha pili."

"Cha pili anameza mchana, daktari. Baada ya kula."

Nilimwona anapiga hesabu, macho yake yakienda kwenye dirisha, yakirudi. "Kila siku?" akauliza. "Tangu mwanzo?"

"Kila siku. Mliandika kutwa."

"Kutwa mara mbili," akasema pole pole, "ni asubuhi na usiku, mama. Usiku ndio uliokuwa na kazi. Alikuwa anakwenda usiku mzima bila kitu."

"Usiku si kutwa," nikasema. Nilikuwa nakasirika. "Usiku ni kucha. Muulize mwenyewe. Akiamka muulize mwenyewe, atakwambia!"

Shemeji akanishika bega. Daktari akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, na kwa muda mrefu hatukuwa daktari na watu wa mgonjwa, tulikuwa watu watatu kwenye benchi. "Sote tunaandika hivyo," akasema mwishowe. "Toka nikiwa mwanafunzi. Sijawahi kufikiria." Katika hospitali nzima ile, aliyelisoma neno lile kwa maana yake alikuwa mume wangu peke yake.

Aliamka. Akafumbua macho, akaniona, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na nikamwinamia sikio langu karibu kabisa nisikie. Ikatoka pumzi. Nikangoja neno lije nyuma yake. Nilingoja siku ile, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Daktari akanieleza kwamba sehemu ya ubongo inayoshika maneno iliumia kwenye ngazi ikabaki na uhai, na sasa ile alfajiri ndefu imeimaliza. Anasikia sauti, anajua uso wangu, lakini maneno hayaingii wala hayatoki. Huenda machache yakarudi. Hakunitazama alipokuwa anasema machache.

Siku ya kuruhusiwa tulikwenda kuchukua dawa. Lile dirisha walikuwa wameliziba, wameweka meza na kiti, na kwenye kiti binti mmoja mfamasia, mpole, amesuka nywele zake vizuri. Akamkalisha mume wangu. Akatoa dawa zilezile, kiasi cha chini kuliko tulichokuwa tumefikishwa, akanishika mkono ili ahakikishe nimeelewa.

"Mama, hii ni kila baada ya masaa kumi na mbili. Sawa? Saa moja asubuhi, saa moja jioni."

Nikageuka.

Sikugeukia dawa. Nilimgeukia yeye, aliyekaa pale kwenye kiti, mikono mapajani. Nilimtazama shingo, maana neno bovu likipita karibu naye shingo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kusimama. Binti akadhani sijaelewa, akarudia kwa sauti zaidi, "Masaa kumi na mbili, mama. Masaa." Mume wangu alikuwa anatazama feni inavyozunguka. Aliitazama kwa furaha, kama mtoto.

Hapo ndipo nilipolia. Kwenye benchi nililia kwa hofu, pikapuni sikumbuki, lakini pale mezani nililia kilio cha msiba, mpaka binti wa watu akaacha kazi akaja kunishika. "Pole mama. Atapona tu." Alikuwa mwema, na nilimchukia kwa muda mfupi, si kwa kosa lake, bali kwa kuchelewa nalo. Mkono ule wa dirishani ungetusukumia bahasha yenye masaa, masaa mabovu, yasiyo na sarufi, Kamusi angegomba njia nzima mpaka nyumbani, angeapa kuwaandikia, halafu angemeza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kiswahili kibovu kingemwokoa mume wangu. Kilichompata ni kile kizuri.

Tangu siku hiyo sijakosea. Saa moja asubuhi, saa moja jioni. Na kifafa kimekwenda, hakikuaga. Alfajiri ya kwanza sikulala, nikingoja ile sauti ya kunyonya. Alfajiri zikafuatana, kimya, mpaka nikazoea kimya chake, na miezi ikaenda ikakamilika mwaka, ule mwaka aliokuwa ameuanza upya mara nyingi kiasi kile. Daktari alipima, akatabasamu kabla hajakumbuka. "Mwaka mzima bila kifafa," akasema. Kifafa, alishajifunza. "Dawa ilikuwa inamfaa tangu mwanzo, mama. Ni saa zake tu." Kisha akainamisha kichwa kwenye karatasi zake. Wala mimi sikumkumbusha habari ya ngazi.

Lakini tulipotoka nilimshika mkono nikampitisha njia ya sokoni. Sijui nilikuwa nataka nini. Mwenye duka la dawa alituona, akatoka nje na benchi, akampangusia vumbi. Huyu bwana alikuwa amekataa kuurekebisha ukuta wake miaka yote hiyo. Watu wakimcheka alijibu kwamba fundi wake bado hajamaliza kazi, anamngoja. Kopo la rangi nyeupe na la kijani alikuwa ameyaweka chini ya kaunta. Nilimkalisha mume wangu, nikamwelekeza kidevu juu taratibu.

"Soma," nikamwambia.

Akatazama. DUKA LA ADAWA. Alitazama kwa muda, kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya watoto wa mgeni. Kisha akanitazama mimi, akaona jinsi nilivyokuwa namtazama, akanipigapiga mkono kunituliza.

Mwenye duka akakohoa. "Niifute tu basi, mama? Hiyo A?"

"Iache," nikasema.

Ngazi ipo bado ukumbini. Siku hizi natundikia nguo za wateja zinazongoja pasi. Mume wangu hukaa karibu na cherehani, mchana kutwa, akipanga vifungo kwa rangi zake, na hafanyi kosa, bluu na bluu, njano na njano. Majirani hunipongeza. Wanasema, afadhali wewe, haanguki tena.

Jioni inapofika nazima cherehani. Namimina maji kwenye kikombe, naweka kidonge kiganjani, nasimama mbele yake pale anaponiona vizuri. Nasema kwa sauti, kila jioni, pole pole ili yasimpite.

"Haya, baba. Masaa yamefika. Meza madawa yako."

Halafu nangoja. Kiganja changu kimenyooka, na sina haraka. Yeye ananitazama, macho yake yanatulia usoni kwangu, na midomo inaanza kufunguka. Kila jioni inafunguka hivyo, na kila jioni moyo wangu, mpumbavu huyu asiyejifunza, unasimama.

Namwekea kidonge juu ya ulimi, nampa maji, anameza.